Karsinoidi ni kansa au si kansa? Maswali ninayoulizwa Moshi kuhusu uvimbe wa nyuroendokrini

Kazi yangu ni ya maabara. Nyama ya mgonjwa ikishaandaliwa kwenye nta, mimi ndiye ninayeikata vipande vya mikroni nne, naviweka kwenye slaidi na kuvipaka rangi, kisha daktari bingwa wa patholojia anakaa kwenye hadubini na kusema ni nini. Mimi si daktari. Ila mji wetu ni mdogo, na mtu akipewa ripoti asiyoielewa hakosi shemeji anayemjua mtu wa maabara. Namba yangu imezunguka kutoka Kiboriloni mpaka Machame. Hapa nimekusanya ninayoulizwa zaidi kuhusu huu uvimbe wenye jina refu, na majibu yake nimeyatoa kwenye tafiti zilizochapishwa, ambazo huzisoma usiku kwa sababu tu zinanivutia. Maswali nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Kaka, ripoti ya mzee imeandikwa "karsinoidi". Ni kansa au si kansa?

Karsinoidi ni jina la zamani la uvimbe wa nyuroendokrini. Ihesabuni kuwa ni kansa, lakini ya mwendo wa polepole, mpaka ripoti yenyewe iseme zaidi.

Mkanganyiko huu umeletwa na jina, na aliyelitoa alikuwa mtu wa fani yetu. Siegfried Oberndorfer, daktari wa patholojia wa Munich, Ujerumani, alikusanya wagonjwa sita waliokutwa na vivimbe kwenye utumbo mwembamba. Kwenye hadubini vilifanana na kansa. Lakini vilikuwa vidogo, mara nyingi vingi kwa pamoja, vina mipaka, vinakua taratibu, na kwa alivyoona yeye havikuwa vimesambaa. Mwaka 1907 akachapisha makala akaviita kwa Kijerumani "karzinoide", yaani vitu vinavyofanana na kansa. Kiswahili cha mtaani kingesema "kansakansa hivi".

Wengi wakisimulia wanaishia hapo. Mimi sehemu ya pili ndiyo inayonivutia. Mwaka 1929 Oberndorfer huyohuyo alichapisha tena, sasa akiwa na wagonjwa 36, akaandika kwamba vivimbe vile vinaweza kuwa vibaya na kusambaa. Alijisahihisha kwa kalamu yake mwenyewe, baada ya miaka 22, bila mtu kumshikia fimbo. Mwaka 1933 Wanazi wakamwondoa kazini kwa kuwa alikuwa Myahudi. Akahamia Istanbul, akafundisha patholojia huko mpaka alipofariki mwaka 1944. Jina lake la 1907 lilisafiri kuliko masahihisho yake ya 1929. Ndiyo maana mpaka leo yupo mgonjwa anayeambiwa, "Ni karsinoidi tu, nenda nyumbani."

Mkiisikia hiyo "tu", msiondoke hapo. Mwulizeni daktari mambo mawili: uvimbe umeanzia kiungo gani, na Ki-67 yake (kipimo cha kujigawa kwa seli, nitakieleza hapa chini) ni ngapi. Karibu kila jibu nitakalotoa hapa chini linarudi kwenye hayo mawili.

Nyuroendokrini ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu?

Hapana. Kuna seli zimetawanyika tumboni, kwenye utumbo, kongosho, mapafu na kwingineko, ambazo hupokea ujumbe kama seli za fahamu na kumwaga homoni kama tezi. Zile za kwenye utumbo Mrusi Nikolai Kulchitsky alizieleza mwaka 1897. Uvimbe ukitokana na seli hizo unaweza kumwaga homoni hovyo, au ukakaa kimya miaka. Iliyo mingi hukaa kimya.

Imeandikwa Ki-67 ni asilimia 2. Maana yake kansa imeenea asilimia 2 ya mwili?

Swali hili ningelipwa mia kila ninapoulizwa, ningekuwa na daladala. Hapana. Ki-67 haielezi uvimbe umefika wapi. Inaeleza kati ya seli 100 za uvimbe, ngapi zimo kwenye mzunguko wa kujigawa. Jina lenyewe halina siri: "Ki" ni mji wa Kiel, Ujerumani, walikoigundua hiyo kingamwili, na 67 ni namba ya kishimo ilimotoka kwenye kibao cha maabara chenye vishimo 96.

Inavyofanyika ni hivi. Naipaka slaidi rangi maalumu: kiini cha seli inayojigawa kinageuka kahawia, kilichotulia kinabaki bluu. Daktari anazungusha slaidi mpaka apate eneo lenye kahawia nyingi kuliko mengine, halafu anahesabu. Siyo kukadiria kwa jicho. Seli 500 au zaidi, moja moja. Niliyefanya naye kazi muda mrefu huchapa picha ya eneo lile kwenye karatasi na kuweka alama ya kalamu juu ya kila seli kama mtu anayesahihisha mtihani, na wakati huo ukimsemesha hakujibu.

Chini ya asilimia 3 ni daraja la kwanza. Kuanzia 3 mpaka 20 ni la pili. Zaidi ya 20 ni la tatu, na hapo tangu 2017 kwa kongosho, na 2019 kwa viungo vyote vya chakula, Shirika la Afya Duniani linatenganisha makundi mawili: uvimbe ambao bado una umbo lake la asili ila una kasi, na kansa ya nyuroendokrini iliyovurugika kabisa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, kwa hiyo "daraja la tatu" peke yake haitoshi. Ulizeni ni lipi kati ya hayo mawili. Uvimbe wa mapafu una hesabu yake nyingine, msiulinganishe na huu.

Piga hesabu kidogo. Kwenye seli 500, asilimia 2 ni seli 10 na asilimia 3 ni seli 15. Seli tano tu zinamhamisha mtu daraja. Mgonjwa mwenye 2 na mwenye 4 wasitazamane kama mmoja kapona na mwingine kahukumiwa.

Binti yangu alipasuliwa kidole tumbo, wiki tatu baadaye tukaitwa kwamba kina uvimbe huo. Apasuliwe tena?

Pengine hapana, na huyu ndiye mwenye bahati kuliko wote walionipigia. Kwenye kidole tumbo uvimbe huu hugunduliwa hivyohivyo, kwa kushtukiza, kwenye operesheni chache kati ya kila elfu. Ukiwa chini ya sentimita moja na umetolewa wote, kwa kawaida kazi imekwisha. Ukizidi sentimita mbili, madaktari hushauri kuondoa na sehemu ya utumbo mpana upande wa kulia. Katikati ya hapo ndipo wanapojadiliana, wakiangalia umeingia kiasi gani kwenye mafuta ya kidole tumbo na Ki-67 ni ngapi.

Ila angalia neno moja: mliitwa. Kidole tumbo chake kilitumwa maabara. Vingine huishia kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji.

Mama ameharisha miaka minne. Katibiwa amiba, taifodi, vidonda vya tumbo. Kwa nini hawakuona?

Hili linanigusa, kwa sababu shangazi yangu wa Kibosho alipita njia hiyohiyo. Zahanati tatu, na kila moja ilimpa dawa ya amiba. Mwezi wa saba, kule mlimani watu wamejifunga masweta, yeye anatoka nje ya jiko, anavua kitambaa, anajipepea na ncha ya khanga. "Uso unaniwaka, mwanangu." Wakasema ni umri, hedhi inakatika. Vitabu vinaandika kwamba uso wa mgonjwa wa hivi huwa mwekundu, na kila aliyemwangalia hakuona wekundu wowote. Ataonaje? Shangazi ni mweusi tii. Kwa ngozi yetu joto lile husikika kwa mwenyewe kabla halijaonekana na mwingine, kwa hiyo ni la kuulizwa, si la kutazamwa tu.

Kinachotokea ni hiki. Uvimbe wa utumbo mwembamba humwaga serotonini na kemikali nyingine. Zikipita kwenye ini, ini linazivunja, na mgonjwa hasikii kitu. Uvimbe ukishapeleka matawi kwenye ini, kemikali zinaingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu: kuharisha, joto la ghafla usoni na kifuani, kifua kubana kama pumu. Kundi la madaktari wa Sweden, akiwemo Jan Waldenström, ndilo lililouunganisha mkusanyiko huo wa dalili mwaka 1954, pamoja na jambo linalosahaulika: valvu za moyo za upande wa kulia hukakamaa. Upande wa kushoto huwa salama zaidi, kwa sababu mapafu nayo huivunja serotonini kabla haijafika. Mwenye dalili hizi apimwe moyo kwa ultrasaundi. Na akienda kufanyiwa operesheni yoyote, hata ya jino, mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema, maana dawa za usingizi zinaweza kuuchokoza uvimbe ukamwaga kemikali kwa mkupuo na presha ikavurugika mezani.

Kwa nini nembo ya wagonjwa hawa ni pundamilia?

Wanafunzi wa udaktari Marekani hufundishwa kwamba ukisikia kwato nyuma yako, fikiri farasi, usifikiri pundamilia. Yaani anza na ugonjwa wa kawaida. Wagonjwa wa uvimbe huu wakasema basi sisi ndio pundamilia, na kila tarehe 10 Novemba huwa siku yao. Msemo huo haujatungwa kwa ajili ya Arusha. Ukitoka Makuyuni kuelekea Minjingu ukasikia kwato, huenda ni pundamilia kweli, na farasi ndiye utakayemshangaa.

Nimeambiwa nipime mkojo wa saa 24 na nisile ndizi siku tatu. Mchagga ataishije?

Kwa shida, lakini inawezekana. Kipimo hiki kinaitwa 5-HIAA, mabaki ya serotonini yanayotoka kwenye mkojo. Ndizi ina serotonini yake yenyewe, na ukiila kipimo kitapanda hata kama huna uvimbe. Mwaka 1960 watafiti wa Ibadan, Nigeria, walichapisha kwamba hata ndizi za kupika zinayo, kwa hiyo usijidanganye kwamba katazo ni la ndizi mbivu tu.

Sasa orodhesha chakula cha nyumbani: mtori ni ndizi, machalari ni ndizi, kiburu ni ndizi na maharage, na mbege uliyokaribishwa msibani nayo ni ndizi. Ongeza nanasi, parachichi, nyanya na biringanya. Mzee mmoja wa Marangu aliniuliza kwa huzuni kabisa, "Kwa hiyo nile nini, mawe?" Kula ugali, wali, maharage yasiyoungwa nyanya, kabichi, nyama, samaki, maziwa. Siku tatu zinapita. Kuna dawa pia zinazovuruga kipimo, pamoja na baadhi ya dawa za kikohozi na za msongo wa mawazo, kwa hiyo mtajie daktari zote unazomeza.

Kukusanya kwenyewe: mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage, andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye galoni mpaka asubuhi inayofuata, na ule wa kwanza wa asubuhi hiyo uingie pia. Ukienda Mbuyuni sokoni ukajisahau ukakojoa huko, anza upya, usijaze maji.

Na mtu asije akasema nimeandika ndizi inaleta kansa. Ndizi inaharibu kipimo. Kipimo kikiisha, rudi kwenye mtori wako.

Kromogranini A ya baba imetoka juu sana. Ndiyo imeenea?

Kromogranini A ni protini inayopimwa kwenye damu kuutafuta uvimbe huu. Kabla ya kulia, muulizeni kama anameza omeprazoli. Kapsuli hizo zinauzwa kila duka la dawa, na wazee wengi wanazimeza miaka bila cheti. Zinazuia asidi, tumbo linajibu kwa kuongeza homoni ya gastrini, na kromogranini A inapanda bila uvimbe wowote. Figo zikiwa mbovu inapanda pia. Kawaida dawa husitishwa wiki mbili kisha kipimo kinarudiwa, lakini asiache mwenyewe bila daktari: kuna uvimbe mwingine wa familia hiihii, gastrinoma, unaomwaga gastrini mpaka tumbo linajaa asidi na vidonda havifungi, na mwenye huo akiacha dawa ghafla anaweza kutoboka utumbo.

Dada yangu anaongea ovyo alfajiri, hatutambui. Akipewa chai yenye sukari anarudi. Watu wa maombi wanasema ni pepo.

Maombi yaendelee, ila nunueni na mashine ya kupima sukari. Kuna uvimbe mdogo wa kongosho, insulinoma, mara nyingi chini ya sentimita mbili, unaomwaga insulini hata mtu akiwa hajala usiku kucha. Daktari mpasuaji Allen Whipple wa New York aliweka vigezo vitatu miaka ya 1930, na bado vinatumika: dalili za sukari kushuka, sukari iliyopimwa wakati huohuo ikaonekana iko chini, na dalili kuondoka sukari ikipanda. Cha tatu mnacho tayari, kiko kwenye kikombe. Kinachokosekana ni cha pili. Mpimeni akiwa katika hali ileile, kabla ya chai, na muandike namba na saa. Kisha chai apewe hapohapo. Kwa asiye na kisukari, chini ya 3.0 mmol/L ni jambo la kumpeleka hospitali kubwa, si zahanati. Karibu tisa kati ya kumi ya vivimbe hivi si vibaya na upasuaji humaliza kazi.

Nimesoma kwamba kwenye utafiti, waliochomwa oktreotaidi walifika miezi 14. Kwa hiyo mama ana miezi 14?

Hapana, na naomba usome taratibu. Utafiti unaousema ni PROMID wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 85, wote wa uvimbe wa utumbo wa katikati, hasa utumbo mwembamba. Nusu walichomwa oktreotaidi ya muda mrefu, sindano ya kuutuliza uvimbe, kila mwezi, nusu sindano isiyo na dawa. Walichopima ni muda mpaka uvimbe *uanze kukua tena*: miezi 14.3 kwa wenye dawa, miezi 6 kwa wasio nayo. Hicho si kipimo cha maisha. Uvimbe ukiongezeka kiasi fulani kwenye picha, hesabu ya mgonjwa huyo imefungwa kwenye utafiti, naye yuko shambani anapalilia.

Kosa hili nimeliona kwa watu wenye digrii. Ukikutana na namba kwenye makala, tafuta kwanza imehesabu nini, kisha imehesabu nani. Utafiti wa CLARINET wa 2014 ulikuwa wa lanreotaidi, dawa ya jamii ya oktreotaidi, kwa wagonjwa 204 ambao uvimbe wao haukuwa ukimwaga homoni za kuleta dalili na Ki-67 ilikuwa chini ya 10; baada ya miaka miwili asilimia 65 ya wenye dawa walikuwa hawajaongezeka, dhidi ya 33. Utafiti wa NETTER-1 wa 2017 ulikuwa wa lutetiamu, dawa ya mionzi inayobebwa mpaka kwenye seli ya uvimbe, kwa watu 229 wa utumbo wa katikati ambao oktreotaidi ilikuwa imeshindwa kuwazuilia. Kwenye mwezi wa 20, asilimia 65 walikuwa bado wametulia, dhidi ya 11 hivi. Matokeo ya mwisho ya utafiti huo yalipochapishwa mwaka 2021, waliopata lutetiamu waliishi miezi 48 kwa wastani wa kati na wenzao 36, ila kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuthibitishwa. Waliandika hivyo bila kuficha, nami naiamini zaidi karatasi inayokiri.

Mwenye uvimbe wa kongosho yumo kwenye CLARINET tu, na mwenye Ki-67 ya 40 hayumo kwenye yoyote kati ya hizo tatu. Huyo azikunje hizo karatasi, atafute zake.

Dawa hizi zinapatikana wapi?

Kipimo cha kinyama, CT skani na upasuaji vinapatikana Moshi, pale hospitali ya KCMC. Kwa saratani kwa jumla rufaa nyingi huelekea Ocean Road, Dar es Salaam. PET skani ipo Nairobi, na lutetiamu hutolewa Pretoria, Afrika Kusini. Oktreotaidi ni ghali na ni ya kila mwezi. Uliza bima kabla ya sindano ya kwanza, si baada ya ya tatu. Na ikiwa uvimbe unatolewa kwa kisu, kisu kwanza.

Steve Jobs wa Apple hakufa kwa ugonjwa huu, na pesa zote zile?

Ndiyo, uvimbe wa nyuroendokrini wa kongosho. Uligunduliwa 2003, alifariki Oktoba 2011. Magazeti huandika "saratani ya kongosho" na kuishia hapo, lakini ile ya kawaida ya kongosho huwa haimwachii mtu miaka minane. Mwimbaji Aretha Franklin naye, 2018. Mkisikia saratani ya kongosho, ulizeni: ya seli gani?

Ni ugonjwa wa Wazungu? Sisi hatukuwa nao zamani.

Marekani walihesabu mgonjwa mpya mmoja hivi kwa kila watu 100,000 mwaka 1973, na karibu saba mwaka 2012. Watafiti wenyewe wanasema sehemu kubwa ya ongezeko inatokana na kamera za tumbo na picha nzuri zaidi. Aliyekuwepo alikuwepo, hakuonekana. Sasa fikiria huku kwetu, ambako kidole tumbo kinaweza kuishia kwenye ndoo.

Tumeambiwa tulete kinyama maabara wenyewe. Tukibebeje?

Mwaka jana kijana alinijia na kopo la siagi lililofungwa kwenye mfuko mweusi, ametoka nalo Rombo kwa basi. Ndani yake nyama ilikuwa inaelea kwenye maji ya bomba, siku ya tatu. Nilijua kwa harufu kabla ya kufungua. Seli zilikuwa zimeoza, Ki-67 haikuhesabika, na mgonjwa alikuwa ameshafungwa nyuzi. Hakuna aliyemweleza yule kijana chochote pale alipokabidhiwa.

Kwa hiyo: fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, si maji, si spiriti. Iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Jina kamili, tarehe, na kiungo ilikotoka viandikwe ubavuni mwa kopo, maana vifuniko hubadilishana. Baada ya ripoti, ulizeni namba ya bloku ya nta na muihifadhi kwenye simu. Bloku hukaa miaka, na tunaweza kuikata tena na kuipaka rangi nyingine bila mgonjwa kuguswa. Na kopo liwe la mdomo mpana. Nyama ikishashika fomalini inakuwa ngumu, na ile iliyoingia kwenye chupa ya soda ikiwa laini haitoki tena mpaka tuikate chupa.